"KANUNUE GODORO!" Muuza spea unamjibu mteja hivyo kweli?

Wakuu, mnamjua. Yule muuza spea wa mtaa wa Gerezani, Dar, mwenye jibu moja kwa kila gari. Anaulizwa shokapu za Premio, gari itembee laini na isiyumbe kwenye kona. Anashusha za "hevi duti", anaegemea moja kwa kiganja, haizami. "Unaona ilivyo ngumu? Ndiyo nzuri." Akiambiwa kinachotafutwa ni ulaini: "Basi kanunue godoro." Duka zima likacheka, hadi mbeba mizigo wa mtaa wa pili!

Godoro! Shokapu haibebi gari, springi ndiyo inayobeba. Shokapu kazi yake ni kuituliza. Ikiwa ngumu mno kwenye kurefuka, springi haiwahi kurudi kabla ya shimo linalofuata, gari inazidi kuinama na tairi linarukaruka. Ulaini umekufa, kona nazo zimekufa. Na kiganja hakipimi kitu: mkono unasukuma polepole, shimo linagonga ghafla.

Gari ya familia inatoshwa na shokapu ya gesi ya mirija miwili, kama KYB Excel-G. Ya mrija mmoja ina presha kubwa zaidi na inapoa haraka, inafaa mwendo mrefu wa barabara mbovu, ila kila kokoto utaisikia kiunoni. Na chesisi namba, ile ya kuitambulisha gari, hakuuliza! Shokapu ya fowili, gari inayovuta kwa tairi zote nne, si sawa na ya kawaida, na ya mbele kulia haikai kushoto.

Kanunue godoro. Mdomo ule!

Springi_Nne: Mkuu, godoro umelitaja kuliko shokapu. Ulinunua au hukununua?

Mwenye uzi: Hata shilingi yangu haioni. Godoro!

Jeki_Tani2: Muuzaji ana afadhali. Janga ni fundi anayebana rodi, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokapu, kwa praizi ili isizunguke anapokaza nati. Mkwaruzo mdogo tu kwenye ile kromu unachana sili, ule mpira unaozuia mafuta, yanavuja, shokapu mpya kwaheri. Rodi hushikwa juu kwa ufunguo wake, nati ikazwe kwa spana. Ya mirija miwili isimamishe kwanza, uisukume na kuirudisha hadi mwisho mara tatu nne, hewa itoke. Bolti za bushi, zile raba za maungio, zikazwe gari ikiwa imekalia tairi zake. Ukikaza ikiwa inaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema.

Springi_Nne: Na wanaobadilisha moja, ya pili wanaiacha! Upande mmoja mgumu, mwingine unadunda, gari inayumba ukishika breki.

Bi_Kona: Mnalaumu shokapu bure. Mlangoni mwa gari pameandikwa upepo wa tairi 32, kijana anajaza 45. Hapo hata ufunge shokapu ya dhahabu gari itadunda kama mpira.

Jeki_Tani2: Anajuaje ni 45? Geji yake kioo kimepasuka, mshale umeganda. Anapima kwa kupiga tairi teke.

Bi_Kona: Halafu anadai mia tano kwa kila tairi!