Naomba ushauri: je, "not so tall as I" ni kosa?

Mwalimu wa Lurambi: Ndugu zangu, ninafundisha Kiingereza hapa Kakamega na jambo moja limeninyima usingizi. Mwanafunzi wa darasa la nane aliandika, "My brother is not so tall as I," nami nikayazungushia "so" na "I" wino mwekundu na kukata alama mbili, kwa kuwa nilifunzwa kwamba usawa huelezwa kwa "as" mbili. Je, nilikosea?

Mstaafu wa Njoro: Ulikosea, mwalimu. Penye ukanushi, "so … as" ni matumizi ya zamani yanayokubalika hadi leo, ingawa "as … as" husikika zaidi. "I" nayo ni rasmi kabisa, maana "am" imeachwa ikieleweka, ilhali "me" ni ya mazungumzo. Hata hiyo "as" ilitokana na "eallswa" ya Kiingereza cha kale, yaani "so" iliyotiwa nguvu kwa "all", kwa hiyo maneno haya ni ndugu wa damu. Kosa la watoto wetu ninalolijua ni "He is tall as me": huiacha "as" ya kwanza kwa sababu "mrefu kama mimi" hutosheka na "kama" moja.

Mama wa Nyalenda: Mimi "as good as" ilinitia hasara. Nilinunua cherehani Kibuye nikiambiwa ni "as good as new", nikaelewa kuwa ni mpya, kumbe maana yake ni karibu sawa na mpya. Sindano iliruka mishono siku ya kwanza.

Mzazi wa Bondeni: Pole, mama. Lakini mwalimu, alama mbili hazimkeshezi mtu. Kuna jambo hujalisema.

Mwalimu wa Lurambi: Ni kweli. Mtoto huyo amekuwa wa pili kwa alama moja, na wa kwanza ni mpwa wangu ninayeishi naye. Nilisahihisha kwa nia njema kabla ya kujumlisha, orodha nimekwisha kuitia sahihi, na zawadi itatolewa Ijumaa. Kuibadilisha sasa kutazua maneno.

Karani wa Milimani: Kisa hiki nakitilia shaka. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Hilo darasa la nane umelitoa wapi? Na mtoto gani wa leo huandika "as I"?

Mwalimu wa Lurambi: Ni Gredi ya 8, nimeandika kwa mazoea. Mtoto analelewa na babu yake, ambaye humkagulia daftari kila jioni, na nadhani "as I" imetoka huko. Daftari liko mbele yangu, na wino umepenya hadi ukurasa wa pili. Nimeamua kurudisha alama ya "I", ila ya "so" naona ibaki, kwa kuwa vitabu vyetu vya darasani havina mfano wake.

Mzazi wa Bondeni: Ukirudisha moja watalingana, na mpwa wako atabaki wa kwanza pamoja naye.

Mstaafu wa Njoro: Rudisha zote mbili, mwalimu, na umwone mkuu wa shule kabla ya Ijumaa.