Naomba ushauri: vipimo vya maji viko wazi, lakini watu hawaviamini

Wadau habari zenu. Naombeni mawazo kuhusu mradi wa maji unaosimamiwa na kamati ya watumiaji.

Klorini huru (dawa ya kuua vijidudu iliyobaki majini bila kuungana na kitu kingine) bombani husoma miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na matokeo hubandikwa ubaoni kila wiki. Hata hivyo watu wanaamini pua kuliko karatasi: wakisikia harufu wanasema maji yana sumu, wanarudi kisimani. Kumbe harufu kali mara nyingi hutoka kwenye klorini iliyokwisha kuungana na amonia, wala si dalili ya klorini huru kuzidi.

Tumejaribu kupima hadharani: mililita 10 za maji, kidonge cha DPD namba 1 (kemikali inayogeuka waridi ikikutana na klorini huru), kutikisa, kisha kulinganisha rangi ya waridi papo hapo. Hapo ndipo tulipokwama. Msomaji akichelewa dakika chache, rangi hukolea na namba hupanda. Chupa yenye alama za vidole nayo hudanganya mashine ya kusoma rangi. Watu wakaona vipimo viwili tofauti vya maji yaleyale, imani ikashuka zaidi. Inauma, kwa sababu maji yenyewe ni salama.

Maswali yangu:

Je, tubandike kila kipimo, hata vile vilivyoharibika pamoja na sababu zake, au wastani wa wiki tu? Mimi naegemea kubandika vyote.

Na kipimo kishikwe na nani: fundi, au mtumiaji aliyefundishwa huku fundi akisimamia?

Asanteni.