Arusha–Chemka–Pangani kwa IST, siku nne: tupange vipi?

Njiro_Kwetu:
Wakuu, salaam. Tuko wanne, gari ni Toyota IST. Tunatoka Arusha Alhamisi alfajiri, Jumapili jioni tuwe nyumbani. Tunataka kuogelea chemchemi ya Chemka, kisha tushuke hadi pwani, Tanga na Pangani. Chemka gari ya chini inafika? Na tulale wapi, maana usiku hatutaki kuendesha.

Tairi_Baridi:
Inafika kiangazi. Boma Ng'ombe mnakata kulia, mnaacha lami kuelekea Rundugai. Ni vumbi, mashimo na mawe yaliyochomoza, na IST yenye watu wanne hugonga sampo (bakuli la oili chini ya injini) kirahisi. Kwenye jiwe msilipitishe katikati ya gari. Pandisheni tairi moja juu yake, au abiria washuke. Masika msijaribu, tope la kule linanasa hata gari za juu.

Fikeni saa 2 asubuhi, kabla watu hawajajaa. Jina lake lingine, Maji Moto, lisiwadanganye, maji ni vuguvugu tu. Ni mvua ya Kilimanjaro iliyozama kwenye miamba ya volkano na kuibukia huku tambarare, ndiyo maana unaona mpaka chini. Lakini kuona chini si kwamba ni kifupi: katikati hapasimamiki. Mizizi ya mikuyu inateleza, vaeni viatu vya maji.

Saa 6 muwe mnaondoka. Himo mnashika kulia. Kuanzia hapo milima ya Pare, kisha Usambara, inawakaa mkono wa kushoto hadi Korogwe, na kwa macho ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Ndicho pia chenye tochi za trafiki za kupima mwendo: kila kijiji ni 50 kwa saa, na vijiji havishi. Laleni Mombo au Korogwe.

Bamvua:
Nakubali, ila geuzeni mpango wa pwani. Wengi hulala Tanga kwanza, Pangani wanaiacha mwisho, halafu Jumapili wanaanza na kilomita zaidi ya 400. Ijumaa nendeni moja kwa moja Pangani kupitia Segera na Tanga mjini (njia ya mkato ya Muheza waachieni wenye gari za juu). Jumamosi asubuhi rudini Tanga, mchana mapango ya Amboni, jioni mlale Korogwe. Jumapili inabaki nyepesi.

Kabla ya kulipia chumba angalieni jedwali la maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari inakupwa mbali sana. Ukifika saa mbaya utaona matope na mwani, useme umetapeliwa. Kisiwa cha Maziwe, baharini karibu na Pangani, ndicho hasa: ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, kwa hiyo boti inaondoka kwa saa ya bahari. Nahodha akisema saa 1, ni saa 1.

Mto_Kikuletwa:
Niongeze kitu kinachoipa safari hii maana. Maji mtakayoogea Chemka yanaingia mto Kikuletwa, unaokutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu (perege wake wanajulikana). Ukitoka hapo unaitwa Pangani. Mtauvuka Korogwe, mtauvuka tena Hale, ambako unazungusha mitambo ya umeme, mpaka uingie bahari ya Hindi pale Pangani mjini. Mtoni msiogelee, una mamba.

Karibu na Amboni kuna chemchemi ya Galanos. Ile ni moto kweli, yenye salfa, inanuka yai viza. Vueni pete na mikufu ya fedha, vinageuka vyeusi.

Njiro_Kwetu:
Asanteni sana. Gari niangalie nini zaidi?

Tairi_Baridi:
Rejeta kwanza, Same hadi Mombo ni joto. Ongeza kulanti injini ikiwa imepoa. Ukifungua mfuniko ikiwa ya moto inakurukia usoni. Upepo pima asubuhi kabla ya kutembea, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva, si kisio la fundi. Tairi yenye upepo mdogo na buti limejaa ndiyo inayopasuka. Beba jeki, spea yenye upepo, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto ambao muda haujaisha, trafiki ataviulizia. Ukirudi, osha chini kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, chumvi isianze kula bodi.

Bamvua:
Na msiegeshe kwenye mchanga. Mkikwama, punguzeni upepo wa tairi za mbele, maana ndizo zinazovuta, kabla ya kuanza kusukuma.