Roboti ya kununua, ya kuandikiwa, au kanuni za bure: kipi kinalipa kwenye forex (biashara ya fedha za kigeni)?

Dodoma_FX: Wadau, nina mtaji wa dola 600 na nimeajiriwa, kwa hiyo siwezi kukaa kwenye chati mchana kutwa. Kuna roboti (programu inayonunua na kuuza yenyewe) ya MetaTrader 4, jukwaa la kufanyia forex, inauzwa dola 399. Muuzaji anaonyesha majaribio kwenye data ya miaka 8 bila mwezi hata mmoja wa hasara. Kuna pia fundi wa kuniandikia yangu kwa bei nafuu. Mliopita huko mnanishauri nini?

Baharia77: Mkuu, ukitoa 399 unabaki na 201. Hapo unatafuta faida ya karibu asilimia 200 ili urudi tu ulipoanzia. Na hiyo miaka 8 bila mwezi wa hasara ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mara nyingi ni martingale: soko likienda kinyume, inafungua oda nyingine yenye loti (kipimo cha ukubwa wa oda) maradufu. Ukianza na 0.01, oda ya nane ni 1.28, na zote pamoja umebeba loti 2.55. Kwenye EUR/USD (euro kwa dola) hapo kila pip, yaani hatua ya bei ya 0.0001, ni dola 25 na nusu. Dola 600 zinakwisha kwa pip 24, na soko hutembea hivyo kabla hujamaliza chai.

MamaChati: Naunga mkono. Majaribio ya data ya zamani yanapambika: unabadilisha vigezo mpaka grafu ipande. Mdai akaunti halisi, uone na anguko kubwa kuliko yote la salio. Muulize pia roboti ilikuwa wapi tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda sakafu ya 1.20 ya EUR/CHF (euro kwa faranga ya Uswisi). Siku ile stop loss (oda za kukata hasara) nyingi zilijazwa mbali sana na bei zilipowekwa.

Nuru_K: Mimi nitatofautiana kidogo. Nilinunua mfumo ambao kanuni zake zote zimeandikwa wazi, nikaupima mwenyewe kabla ya kuweka hela. Umeniokolea muda na sijutii. Ubaya ni kununua sanduku lililofungwa.

KodiMoja: Hapo ndipo penyewe. Roboti nyingi huja kama faili la .ex4 tu, programu iliyofungwa, huoni ndani. Ukimpa fundi kazi, dai .mq4, yaani msimbo wenyewe unaosomeka, vinginevyo siku akipotea huwezi kurekebisha chochote.

MzeeWaTrendi: Kanuni za bure zipo, tena nzuri. Mwaka 1983 mfanyabiashara wa masoko Richard Dennis alifundisha wanagenzi wake kule Chicago: nunua bei ikivuka kilele cha siku 20, toka ikivunja sakafu ya siku 10. Leo zinajulikana kote. Kazi ni kuzifuata, maana oda nyingi hupoteza na chache kubwa ndizo zinazolipa. Mtu asiyejua kwa nini mfumo wake unafanya kazi huuzima baada ya hasara ya sita mfululizo.

Dodoma_FX: Asanteni sana. Ya 399 naiacha. KodiMoja, nataka uniandikie hiyo ya siku 20, nianze na demo (akaunti isiyo na hela halisi). Kwa 600 inawezekana?

KodiMoja: Kwa tabu. Stop ya pip 140 kwa loti 0.01 ni dola 14, tayari zaidi ya asilimia 2 ya mtaji wako. Baki na jozi moja tu ya sarafu, na unitumie spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) ya broka wako, ya mchana na ya usiku.