Ushauri: Moshi upande wa Himo, nipande mahindi sasa au nisubiri masika ikolee?

Mkulima_Tambarare
Wakuu, heshima kwenu. Nina ekari mbili tambarare upande wa Himo, udongo una kichanga kiasi. Trekta limeshapita, mbegu ninayo, ya mahindi yanayokomaa kwa siku 120. Leo tarehe 9 Machi, mvua imepiga siku mbili, majirani wameshaanza kupanda. Utabiri unasema mvua za wastani. Nipande? Na maharage niyachanganye lini?

Kihamba
Majirani si kipimo, mkuu. Na neno "wastani" lisikulaze usingizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisema wastani, wanamaanisha asilimia 75 hadi 125 ya mvua iliyozoeleka, tena kwa msimu mzima. Iliyozoeleka Machame siyo ya Himo; mawingu yanapanda mlima na kumwaga huko juu. Msimu unaweza kuwa na siku 15 kavu katikati na bado ukaitwa wa wastani, wakati mche wako umeshakauka.

Chukua jembe, chimba sehemu tano tofauti hadi sentimita 30. Finyanga udongo wa chini kabisa. Ukishikana kama donge na usisambaratike ukiuachia kutoka usawa wa kiuno, panda. Unyevu ukiishia juu juu, mbegu itafura, itachipua, halafu itakosa maji ya kufuata mzizi. Hapo unanunua mbegu mara ya pili.

Udongo_Mweusi
Nyongeza: hiyo ni kwa udongo wa kichanga. Wenye mbuga nyeusi (udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata) wapande kwenye vumbi kabla ya mvua, kina cha sentimita 8 hadi 10, maana mwezi wa nne hakuna jembe wala ng'ombe anayeingia kule.

Bibi_Shamba
Mimi tatizo naliona kwenye hiyo mbegu. Mahindi ya siku 120 hutoa mbelewele (ua la juu) kama siku ya 60 hadi 65. Ukipanda tarehe 25 Machi, mbelewele zinakuja mwisho wa Mei, na tambarare mvua inakuwa imeshakata. Ndio wakati mahindi yanataka maji kuliko wakati wowote. Yakikosa, unavuna magunzi. Tafuta mbegu ya muda mfupi zaidi, mfano Situka. Hiyo ya 120 mpe ndugu yako wa Marangu, huko mlimani.

Nafasi: sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Inatoka kama mashimo 9,000 kwa ekari, kwa hiyo mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia) wa kilo 50 unatosha kizibo kimoja cha soda kwa shimo. Fukia mbolea kwanza kwa udongo kidogo, isiguse mbegu, inaunguza. Urea (mbolea ya kukuzia) weka mahindi yakifika magotini, gawa mara mbili, ufukie. Ukiimwaga yote kabla ya mvua kubwa za Aprili, nyingi inazama chini ya mizizi.

Maharage ya siku 75 yapande mwanzoni mwa Aprili yakomae katikati ya Juni. Yakikomaa Mei mvua ikiwa bado inanyesha, yanaota ndani ya maganda.

Mgeni_wa_Kilimo
Na El Niño je?

Kihamba
Hiyo nguvu yake huku ni kwenye vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika inaiyumbisha kidogo tu. Sikiliza zaidi habari za vimbunga: Machi 2019, kimbunga Idai kilipokuwa Msumbiji, unyevu ulivutwa kule na mvua za huku zikachelewa.

Mkulima_Tambarare
Shukrani sana. Nimechimba: sehemu tatu unyevu umeishia sentimita 12, mbili umefika 15.

Kihamba
Basi subiri. Tega kopo lenye kuta zilizonyooka (ndoo iliyopanuka juu inadanganya), mbali na miti na paa, upime kwa rula kila asubuhi. Milimita 10 ni kama lita 40,000 kwenye ekari moja. Ukipata jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, chimba tena.

Bibi_Shamba
Na wiki ya pili baada ya kuota, kagua moyo wa mhindi (majani machanga ya katikati) kila siku tatu. Viwavijeshi vamizi wanapenda sana vipindi vya jua katikati ya mvua. Dawa ipige jioni, ilenge ndani ya moyo.