Sulochana alimalizwa na sauti au alimalizwa na wenye kampuni?

Binti Makorora: Kila ikitajwa habari ya Ruby Myers, yule mwigizaji wa sinema za Bombay aliyejiita Sulochana, utasikia sauti ilipoingia kwenye sinema 1931 ndo ikammaliza, eti Kihindustani hakikumkaa mdomoni. Mimi nakataa. Alikaa pembeni akajifunza lugha, 1932 akarudi na Madhuri, halafu picha zake bubu zikachezwa upya kwa sauti na yeye mwenyewe yumo, Anarkali ya 1928 ikarudiwa 1935. Mtu aliyekwisha anarudiwaje?

Mzee wa Reli: Dada usitupoteze. Baada ya Alam Ara, ile picha ya kwanza ya sauti India, watu walitaka waimbaji, yeye alikuwa na sura. Alikuwa msichana wa kupokea simu tu, akaokotwa akapambwa, basi.

Umu Swaleh: "Wa kupokea simu tu" ndo maneno gani hayo? Mama yangu kafanya kazi ya opareta mpaka kastaafu. Hedifoni kichwani, waya huu anauchomeka huku, ule anauchomoa kule, mtu wa Mombasa anasubiri, wa Nairobi anamfokea, na yeye sauti haipandi hata kidogo, "subiri kidogo baba, nakuunganisha." Kazi ile ukiwa huna sauti hupewi! Ruby alikula kwa sauti yake kabla sinema haijajua kusema.

Mzee wa Reli: Mama yako namheshimu, sijamgusa.

Kijana wa Kisauni: Ila tuseme kweli, maopareta walikuwa wanasikiliza. Kwetu posa ilivunjika kwa maneno yaliyosemwa kwenye simu, mtaa mzima ukayajua kabla ya jioni.

Umu Swaleh: Na wewe ushahidi unao au unabwata tu? Nyumba nzima ilikuwa imezunguka simu moja, mnamtafuta mchawi mbali.

Fundi Projekta: Jamani. Sulochana kwenye Alam Ara hakuwemo kabisa, mle aliyecheza ni Zubeida, ilifunguliwa ukumbi wa Majestic, Bombay, tarehe 14 Machi 1931, ya Ardeshir Irani wa kampuni ya Imperial. Na huyo mnayesema sura tu, kwenye picha ya Wildcat of Bombay ya 1927 alicheza watu wanane peke yake, mpaka polisi wa kiume. Mshahara wake inasemwa rupia 5,000 kwa mwezi, kumzidi gavana wa Bombay.

Mzee wa Reli: Si ndo nilichosema? Imperial ndo kampuni aliyokuwa akiichezea, picha ya kwanza ya sauti wakampa mwingine. Mwenye mali hakumuamini.

Binti Makorora: Na mwaka uliofuata wakamuamini vipi? Miaka ya thelathini yote hiyo yuko na mwigizaji mwenzake Billimoria, picha kwa picha, na za sauti. Imperial ndo iliyokufa 1938. Kinachoniuma mimi ni 1953, Anarkali ikachezwa tena, yeye aliyekuwa Anarkali mara mbili wakamfanya mama yake Salim, mpenzi wa Anarkali. Hapo sauti imeingiaje? Huo ni umri, na umri wanahesabiwa wanawake.

Kijana wa Kisauni: Lakini tuzo ya Phalke, ile kubwa ya sinema India, walimpa, 1973.

Binti Makorora: Miaka arobaini baadaye! Tuzo haimrudishii mtu kazi aliyonyimwa.

Umu Swaleh: Kijana bado nakusubiri. Huyo opareta wa posa, nani alimsikia akisema? Taja au ufute maneno yako.