Je, ni CD peke yake iliyoipa PlayStation michezo ya kuvaa uhusika?

Mtoa mada
Wakuu, naomba tulijadili suala hili bila ushabiki. Hadi mwaka 1995 mpenzi wa michezo ya kuvaa uhusika (RPG, ambamo unaongoza mhusika katika kisa kirefu) nchini Japani hakuumiza kichwa kuchagua konsoli, yaani mashine ya michezo ya video, kwa kuwa Dragon Quest na Final Fantasy zilikuwa kwa Nintendo. Mwaka 1996 Square, watengenezaji wa Final Fantasy, ikatangaza kuhamia PlayStation ya Sony, na mwaka uliofuata Enix, kampuni ya Dragon Quest, nayo ikatangaza kwamba Dragon Quest VII ingekwenda huko huko. Kwa maoni yangu, kaseti (kibweta cha plastiki chenye chipu ya mchezo) ndiyo iliyoiponza Nintendo. Kaseti kubwa kuliko zote za konsoli yake ya Nintendo 64 ilibeba megabaiti 64, ilhali CD moja ilibeba takriban 650, na Final Fantasy VII ilijaza CD tatu. Nintendo ikabaki bila mchezo hata mmoja wa maana wa aina hii.

Mzee wa Kaseti
"Hata mmoja wa maana"? Mkuu, Pokémon ilitoka kwenye Game Boy, konsoli ya mkononi ya Nintendo, mwaka huo huo wa 1996, tena ndani ya kaseti ndogo isiyojaza kiganja. Mapigano yake ni ya zamu kwa zamu, viwango vinapanda, na safari ni ndefu. Kama huo si mchezo wa kuvaa uhusika, utueleze ni mchezo gani. Isitoshe, kaseti haikumweka mtu, kama Final Fantasy VII, akisubiri kamera izunguke uwanja mzima ndipo aruhusiwe kupiga pigo la kwanza.

Diski Tatu
Pokémon ni mchezo wa watoto, na mhusika wake mkuu hatamki neno tangu mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuulinganisha na kisa cha Cloud na Sephiroth, shujaa na adui wa Final Fantasy VII. Halafu tusisahau mfuko: Final Fantasy VI iliuzwa yen 11,400 mwaka 1994 ikiwa kwenye kaseti, na ya VII ikauzwa yen 6,800 ikiwa kwenye CD.

Mzee wa Kaseti
Shujaa wa Dragon Quest amenyamaza tangu 1986, wala sijaona mtu akimpokonya heshima yake kwa sababu hiyo. Ububu umekuwa kasoro leo kwa kuwa umekutwa kwa Nintendo.

Wakili wa Saturn
Mnabishana kana kwamba Sega haikuwahi kuwapo, wakati Phantasy Star, mchezo wake wa kuvaa uhusika, ilianza mwaka 1987, sawa na Final Fantasy. Konsoli yake ya Sega Saturn nayo ilitumia CD, na nchini Japani iliingia sokoni Novemba 1994, siku chache kabla ya PlayStation. Ikiwa CD ndiyo sababu, mbona Square haikwenda Sega? Nafasi ilikuwapo: Panzer Dragoon Saga ya 1998 ilikuja na CD nne, na Grandia ilianzia huko huko. Naomba jibu, na siyo kejeli.

Diski Tatu
Saturn ndiyo ile konsoli ambayo betri yake inayotunza kumbukumbu za mchezo ikifa, safari yako yote inakwenda nayo? Sisi tulikuwa na kadi ya kumbukumbu, tunaichomoa na kwenda nayo kwa jirani.

Wakili wa Saturn
Betri ya Saturn ipo nyuma, chini ya kifuniko kidogo unachokifungua kwa ukucha, na mtu mwangalifu huibadilisha kabla haijaisha. Waulizeni wa Pokémon, ambao betri yao imelehemiwa ndani ya kaseti.

Mzee wa Kaseti
Sasa Pokémon imeingiaje tena hapa? Anayejua kushika chuma cha kulehemu hubadilisha betri hiyo bila taabu.

Mtoa mada
Nashukuru kwa michango yenu. Naona tunakubaliana kwamba bei ya CD ndiyo iliyoamua.

Wakili wa Saturn
Nani amekubali? CD za Sega hazikuwa za dhahabu, mkuu.